Kutembea, Kukimbia, Baskeli au Bahari: Moyo Wako Uuchagulie Lipi?

Shemeji yangu anasomesha skuli moja Mkoani, Pemba. Ana miaka 47. Mwezi uliopita alipimwa presha, akaambiwa imeanza kupanda ila haijafika pahala pa vidonge: aanze mazoezi ya pumzi (yale ya kutweta na kuyapandisha mapigo, kama mwendo wa kasi au mbio), apunguze chumvi, arudi baada ya miezi mitatu. Jioni ile ile akanipigia simu.

"Shemeji, mwenye viatu vya mbio ni wewe. Nishike lipi? Huku kwetu vilima vitupu, baskeli ninayo, bahari iko chini ya mlango, na mbio mara ya mwisho nilikimbia nikiwa mwanafunzi."

Nikamwambia akimbie. Nikakata simu, na usiku mzima jibu lile likawa linanisumbua. Nilikuwa nimempa mazoezi yangu mimi, niliyeyazoea kwa miaka sita, kwenye ardhi tambarare ya mjini Unguja. Yeye ana magoti yake, uzito wake, vilima vyake na presha yake. Asubuhi nikaanza upya, nikayapanga mazoezi manne mbele yangu na kuyauliza maswali yale yale. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wengine waliosimama njia panda kama yeye.

Mazoezi ya pumzi yanaufanya nini moyo

Mtu akiwa ametulia, moyo wake husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika. Asiye na mazoezi akijikaza mpaka mwisho wa nguvu zake hufikia kama lita 20. Wakimbiaji na waendesha baskeli wakubwa wa dunia hufikia 35, hata 40. Wala si kwamba mioyo yao hupiga haraka kuliko yetu. Kasi ya juu kabisa ya mapigo huamuliwa zaidi na umri, na kadirio la kawaida ni 220 ukitoa miaka yako. Wanachotuzidi ni ujazo wa kila pigo. Chumba cha chini cha kushoto, kile kinachopeleka damu mwili mzima, kwa mazoezi ya muda mrefu hupanuka, kuta zake huongezeka unene kidogo, na baina ya pigo na pigo hulegea vizuri ili kijae. Kikitoa damu nyingi kwa pigo moja, hakihitaji kupiga mara nyingi.

Ndiyo maana mtu mzima wa kawaida akiwa amepumzika ana mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, na aliyezoea mbio ndefu anaweza kuwa na 50 au 40 na asiwe mgonjwa. Mimi nilipoanza, mapigo yangu ya alfajiri, kabla sijanyanyua kichwa kwenye mto wa kulalia, yalikuwa 76. Mwaka wa pili yakawa 60. Upungufu wa 16 kwa dakika ni mapigo 23,040 kwa siku moja. Niliipiga hesabu ile mara mbili kwa kalamu, sikuamini.

Kwetu mtu akisikia "moyo umetanuka" hushtuka, na ana haki. Moyo uliotanuka kwa maradhi ni msiba. Lakini uko mwingine. Mwaka 1899 daktari wa Sweden, Salomon Henschen, aliwapima wateleza kwenye theluji kwa kuwagonga vifua kwa vidole tu, akasikia kwamba mioyo yao ni mikubwa, akasema ukubwa ule umetokana na kazi nzuri. Moyo unaoshindana na presha hubeba mzigo usiku na mchana, na ukuta wake unaishia kuwa mnene na mgumu, damu inapata tabu kuingia. Wa mazoezi hubeba saa moja, ukatuliwa mzigo, ukapumzika. Unabaki laini, na mtu akiacha mazoezi unarudi ulikotoka.

Kuna utafiti mmoja nilioukariri kwa sababu ya umri wa shemeji. Ulichapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Dallas, Marekani. Walichukua watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa wamekaa tu, wakawafanyisha mazoezi ya pumzi siku 4 mpaka 5 kwa wiki kwa miaka miwili. Ugumu wa mioyo yao ulipungua kwa kiasi cha robo, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni ukapanda kwa asilimia 18. Wenzao waliopewa yoga na mazoezi ya kunyoosha viungo hawakupata mabadiliko hayo. Waliojaribiwa jambo kama hilo wakiwa wameshapita miaka 65 walipata nguvu za mwili, lakini moyo wenyewe haukulainika. Miaka 47, basi, ni wakati mzuri sana wa kuanza.

Maswali manne ya kupimia

La kwanza: zoezi linaurudishia moyo damu kiasi gani, na linaupandishia presha kiasi gani wakati wa kazi? Moyo hauoni kama uko barabarani au majini. Unachopokea ni damu inayorudi na ukinzani wa mishipa inayosukumiwa damu hiyo. Damu nyingi inayorudi huupanua, ukinzani mkubwa huunenepesha.

La pili: mwili unadaiwa nini? Magoti, nyonga, uzito, mgongo.

La tatu: hatari yake hapa kwetu ni ipi, kwa barabara zetu, jua letu na bahari yetu?

La nne ndilo ninaloliona kubwa, na watu hulisahau: zoezi litakatika mwezi gani? Mwaka 1966, huko huko Dallas, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani wiki tatu mfululizo. Nguvu za mioyo yao zilianguka vibaya. Watafiti waliwarudia watano wale wale baada ya miaka 30, wakakuta wiki zile tatu za kitandani ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya uzee. Ukiacha mazoezi, ndani ya wiki mbili maji ya damu yanapungua, kila pigo linatoa kidogo, na mapigo yanapanda. Sisi tuna masika, tuna jua la kaskazi, tuna kusi linalochafua bahari, na tuna Ramadhani. Zoezi ambalo kila kimoja katika hivyo kinalisimamisha litakuwa linaanza upya mwaka mzima.

Kutembea kwa kasi

Mama yangu ana miaka 71. Baada ya swala ya alfajiri huvaa raba chini ya buibui, akatoka Kikwajuni na wanawake watatu wa mtaani, wakakata Mnazi Mmoja mpaka Maisara na kurudi. Nimewahi kuwafuata nyuma. Mwendo ule si wa kwenda sokoni. Mikono inapigwa, kanga zimefungwa vizuri kichwani, na maneno yanatoka kwa vipande. Kipimo ni hicho hicho: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umefika. Ukiweza kuimba taarabu nzima, ongeza mwendo.

Kwa moyo, kutembea kunarudisha damu ya wastani na presha haipandi sana. Misuli ya miguu hukamua mishipa kila hatua na kuisukuma damu juu. Kwa aliyekaa muda mrefu hii ni kazi ya kutosha kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali, na kutembea kwa kasi dakika 30 siku tano kunatimiza 150. Mwaka 1953 Jeremy Morris alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima wakikata tiketi, walipata maradhi ya mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Walikuwa watu wa kazi moja na basi moja. Hakuna aliyekimbia.

Upungufu wake ni kwamba moyo unazoea. Baada ya miezi michache mwendo ule ule haukupandishi tena mapigo. Hapo Wapemba wamebarikiwa, maana kilima ni mazoezi ya bure. Aliyeko pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani, atembee kwenye mchanga mlaini ulio juu ya mstari wa maji: nguvu zinazotumika ni zaidi ya mara mbili ya barabarani.

Magoti yanadaiwa kidogo. Hatari ni gari na giza tu. Na kuhusu kukatika, hakuna linaloshinda kutembea. Ramadhani unatoka baada ya tarawehe, masika unasubiri mvua ipite ukatoka na mwavuli. Mama hajakosa wiki tangu aanze, isipokuwa alipofiwa.

Kukimbia

Nalipenda zoezi hili, kwa hivyo nitajitahidi nisilipendelee.

Hakuna lenye kuujaza moyo kwa dakika chache kama mbio. Umesimama wima, damu inavutwa chini na uzito wake, na misuli mikubwa ya miguu inairudisha kwa nguvu mara 150 na zaidi kwa dakika. Moyo unajifunza kulegea haraka na kujaa haraka. Mishipa inayoulisha wenyewe pia inapanuka. Clarence DeMar wa Marekani, aliyeshinda Boston Marathon mara saba, alipofariki mwaka 1958 kwa saratani, madaktari waliupasua moyo wake wakakuta mishipa hiyo ina upana wa mara mbili mpaka tatu ya kawaida. Alikuwa na mafuta kidogo yaliyoganda ndani yake kama watu wengine wa umri wake, lakini kwa upana ule damu ilipita. Presha wakati wa mbio hupanda kiasi, na baada ya mazoezi hushuka ikakaa chini kwa saa kadhaa.

Dakika 75 kwa wiki zinatosha. Nusu saa mara tatu, umeshazidi. Mtu mwenye kazi mbili na watoto wanne ataithamini hesabu hiyo.

Mwili ndio unaolipa. Kila hatua hutua kwa mara mbili au tatu ya uzito wako. Mwenye kilo 95 aliyeanza leo, akikimbia siku tano mfululizo kwa hamasa, wiki ya tatu utamkuta amekaa barazani na goti limevimba, na hilo limemkatisha kabla hata ya masika. Aanze kwa kuchanganya, dakika moja mbio, mbili mwendo, siku moja moja akipumzika katikati.

Halafu kuna joto, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu vijana wetu hawalisikii. Njia yangu ni ile ile, Mnazi Mmoja, Maisara, Kilimani, Migombani hadi Mazizini. Mwezi wa Julai, kusi linavuma, kwa mwendo wangu wa kawaida mapigo hukaa kwenye 148. Februari, kwa mwendo ule ule, yanafika 162. Ile ziada haipeleki oksijeni popote kwenye misuli. Moyo unapeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, jasho linachukua maji ya damu, kila pigo linatoka na damu kidogo, basi moyo unalipa kwa kupiga haraka. Na kwa unyevunyevu wa kwetu jasho halikauki, linadondoka tu. Wakati wa kaskazi kimbia kabla jua halijatoka au usikimbie, na hesabu mapigo yako badala ya kutazama saa ya mwendo. Atakayeng'ang'ania mwendo wake wa Julai mwezi wa Februari anaweza kuanguka.

Watu huuliza kuhusu wanaokufa uwanjani. Sote tulimwona Marc-Vivien Foé wa Kameruni akianguka mwaka 2003 pale Lyon. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kunenepa, ambao haukuwa umejulikana. Chini ya miaka 35, vifo vya ghafla vya wanamichezo mara nyingi hutokana na kasoro za kuzaliwa nazo kama hiyo. Juu ya miaka 35, mara nyingi ni mishipa ya moyo iliyokwisha kuziba bila mwenyewe kujua. Mbio huamsha kilichokuwemo. Katika marathoni na nusu marathoni za Marekani kati ya 2000 na 2010, moyo ulisimama kwa mtu mmoja katika kila washiriki 184,000 hivi. Ni wachache sana, lakini dalili zao zisipuuzwe: kifua kubana ukiwa unakimbia, kuzimia katikati ya mazoezi (si baada ya kusimama), au ndugu wa damu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Mwenye moja katika hizo asianze mbio mpaka apimwe umeme wa moyo.

Na wapo wanaovuka upande wa pili. Wateleza kwenye theluji wa Sweden walioshiriki mbio za kilomita 90 za Vasaloppet mara nyingi zaidi walionekana kupata zaidi ugonjwa wa mapigo kwenda ovyo kwenye vyumba vya juu vya moyo. Hao ni watu wa miaka mingi na masafa marefu mno. Shemeji hatafika huko, wala mimi.

Baskeli

Paja lina misuli mikubwa kuliko karibu yote tuliyonayo, na baskeli inaliendesha bila kupumzika. Damu inarudi kwa wingi. Wakati huo huo mikono imekamata usukani, tumbo limekazwa, na ukipanda kilima paja lenyewe linabana mishipa yake, kwa hivyo presha ya wakati wa kazi inapanda kuliko kwenye mbio. Moyo unapata yote mawili, upana na unene. Waendesha baskeli wa Tour de France walipochunguzwa, zaidi ya nusu walikuwa na chumba cha kushoto kipana kuliko milimita 60, ukubwa ambao daktari akiuona kwa mtu wa kawaida hufikiria ugonjwa. Hao ni watu wa kilomita maelfu kwa mwaka. Sisi wa kwenda Bububu na kurudi tunapata sehemu nzuri ya faida hiyo bila kufika huko.

Magoti yanapona kwa sababu kiti kimebeba uzito. Kiti tu kiwe juu ya kutosha, goti linyooke karibu lote kanyagio likiwa chini. Baskeli nyingi za kwetu zimewekewa viti chini mno, ndiyo magoti yanauma na mtu analaumu umri.

Unguja ni tambarare na inafaa sana. Kuna mzee wa Mkokotoni niliyemkuta kwenye banda la chai, amebeba tenga la samaki nyuma, miaka yake 63, miguu kama mti wa mwembe. Nikamwomba nimpime mapigo kwenye kifundo cha mkono, vidole viwili chini ya dole gumba, nikahesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Yalikuwa 54, na alikuwa ametoka kuteremka tu si muda mrefu. Hajawahi kusema kwamba anafanya mazoezi.

Pemba ni kitu kingine. Kwenye vilima vya kutoka Mkoani kwenda Chake, baskeli isiyo na gia inamlazimisha mwenye presha kusukuma kwa pumzi iliyozuiwa, meno yamekazwa, na hapo presha inaruka. Kama huna gia, shuka uisukume kilimani. Hakuna aibu ndani yake.

Hatari yake kubwa haina uhusiano na moyo. Ni daladala, bodaboda, na barabara isiyo na taa. Baskeli bila taa ya nyuma baada ya magharibi ni kumwachia dereva uhai wako. Na masika huikata kweli kweli: wiki kadhaa za matope, breki zimelowa, barabara zimechimbika. Ramadhani inawezekana saa moja kabla ya futari kwa mwendo wa pole, ukimalizia nyumbani.

Kuogelea

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu tunazungukwa na maji na wachache sana tunayatumia.

Mtu akilala majini, mambo mawili hutokea. Damu haivutwi tena miguuni, na uzito wa maji unabana miguu na tumbo na kuisukuma kifuani. Moyo unajaa kwa urahisi kabla hata hujapiga mkono wa kwanza, ndiyo maana mapigo ya kuogelea huwa pungufu kwa kama 10 kuliko ya mbio kwa kazi ile ile. Usiyatumie yale yale kujipima. Kwa mwenye magoti mabovu au uzito mkubwa, haya ni mazoezi yanayompa moyo kazi bila kumuumiza viungo. Na kwa watu wazima wenye presha inayoanza kupanda, majaribio ya wiki chache ya kuogelea mara kwa mara yameishusha.

Lakini urahisi ule wa kujaa ndio pia udhaifu wake. Mwaka 2018 Benoît Lecomte alijaribu kuivuka Bahari ya Pasifiki kwa kuogelea. Alikaa majini siku 159, wastani wa karibu saa sita kila siku, kilomita 2,821. Watafiti walipopima moyo wake, walikuta chumba cha kushoto kimepungua uzito, karibu kama wa mwanaanga Scott Kelly aliyekaa angani siku 340. Saa zote zile hazikutosha, kwa sababu alikuwa amelala, maji yamembeba, na mwendo ulikuwa wa pole. Moyo haukupigana na uzito wa damu kuipandisha juu. Nilipoisoma habari hii nilikaa kimya muda mrefu. Kuelea kwa starehe saa nzima hakutoshi, basi. Piga mikono dakika mbili kwa nguvu mpaka unatweta, pumzika moja, rudia. Na siku nyingine za wiki pata kitu cha kusimama wima, hata kutembea.

Mwenye moyo dhaifu au presha ya juu isiyodhibitiwa asiingie kabla ya kumwona daktari. Damu yote ile inayosukumwa kifuani inaweza kuwa nyingi kuliko moyo unavyoweza kuibeba, maji yakavuja kwenye mapafu. Ukihisi pumzi inakata na kikohozi chenye povu ukiwa majini, toka mara moja.

Kuhusu bahari yenyewe, mwenye kuijua hahitaji kuambiwa. Kwenye bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji kwetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne yamekupwa mpaka mwamba unaonekana. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Kwa hivyo huwezi kusema "kila siku saa kumi na moja nipo majini": bahari inakupa wiki moja na kukunyima inayofuata. Pwani ya mashariki kusi linachafua, ya magharibi inatulia. Kaskazi huja na konyeza, wale viumbe laini wa majini wanaowasha ngozi. Ogelea sambamba na ufukwe, pahala unaposimama, na mtu awe anakuona. Upande wa mkondo wa Pemba usithubutu kukata peke yako.

Wengi waliozaliwa hapa hawajui kuogelea, wanawake khasa. Nungwi wasichana wamekuwa wakifundishwa wakiwa na nguo za kujisitiri za kuogelea, nami natamani kila shehia ya pwani ingekuwa na darasa kama lile. Faida ya moyo ni moja tu kati ya nyingi.

Kwa hali yako

Kama hujafanya lolote kwa miaka, anza na kutembea wiki sita kabla ya kufikiria kingine, hata kama una miaka 30.

Presha inaanza kupanda, huna dawa: kutembea kilimani au kuogelea kwa vipande, siku tano kwa wiki. Baskeli ya tambarare inafaa. Baskeli nzito ya kilimani iache mpaka presha ishuke. Kama umeshaanza vidonge, muulize daktari ni vya aina gani, maana baadhi hupunguza mapigo, na hesabu ya 220 haitakufaa tena. Tumia kipimo cha kuzungumza.

Umezidi uzito au magoti yanauma, baskeli yenye kiti juu, au bahari ikiwa unajua kuogelea. Mbio baadaye.

Huna muda, mwili mwepesi, familia haina historia ya vifo vya ghafla: mbio mara tatu, na siku moja katika hizo weka vipande vya dakika nne kwa nguvu, kama walivyofanya wale wa Dallas wa utafiti wa 2018.

Kijana wa mpira anayetaka pumzi ya dakika 90 akimbie, na apimwe moyo kabla ya ligi. Vikundi vya mazoezi vinavyokusanyika kila tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi, vingeweza kulisimamia hili mitaani kwao.

Umepita miaka 65, fanya kama mama: mwendo wa alfajiri, pamoja na wenzako, bila kukosa.

Umewahi kupata shambulio la moyo au umewekewa mrija kwenye mshipa, hakuna kati ya haya manne la kuanza kwa kusoma tu. Mazoezi yatakusaidia, ila daktari akupe mipaka ya mapigo kwanza.

Na kwa wote, chagua mawili: moja la miezi mizuri, moja la miezi ambayo la kwanza linakatika.

Nilipomsomea shemeji haya kwa simu, alinyamaza, kisha akasema atapanda kilima kutoka bandarini mpaka skuli kwa miguu siku nne kwa wiki, mwendo wa kutweta, na Jumamosi ataingia baharini maji yakiwa yamejaa kwa wakati unaomfaa. Baskeli atampa mwanawe. Nikamwuliza kama ameshahesabu mapigo ya alfajiri.

"Sabini na nane, shemeji. Nimeyaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumbani, pamoja na tarehe. Nimeacha nafasi chini yake."